Redio Ni ya Nani? Kuchagua waigizaji na muziki wa tamthilia ya uhalifu Kisumu

Watazamaji wa tamthilia za uhalifu hawabishani sana juu ya nani alimuua nani. Ubishi wao huwa ni kama yule jamaa alifaa kweli kuwa jambazi wa Kondele, na ule wimbo uliingiaje pale. Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo kinachotaka kushuti vipindi 6 hivi jijini Kisumu, kwa kamera moja au mbili na pesa za kuhesabu. Mambo ya lenzi na taa yana walimu wake. Hapa ni waigizaji na muziki tu, na kote kuwili tunaanza na sikio, kwa sababu mtazamaji wa hapa husikia uongo kabla hajauona.

Mfano unaotajwa kila mara ni The Wire ya HBO, iliyoonyeshwa 2002 hadi 2008 kwa misimu 5. Muziki wake karibu wote una chanzo ndani ya onyesho: redio ya gari, spika ya baa, dirisha la jirani. Unaoingia bila chanzo ni wa nadra, hasa mwishoni mwa msimu. Wimbo wa kufungulia ulikuwa ule ule misimu yote 5, ila kila msimu ukaimbwa na watu wengine, na msimu wa 4, unaohusu wanafunzi, ukaimbwa na vijana wa Baltimore kwenyewe. Upande wa waigizaji, Felicia Pearson alichukuliwa mitaani Baltimore bila uzoefu wowote wa uigizaji, na papo hapo Waingereza wawili, Idris Elba na Dominic West, wakabeba nafasi kubwa za Wamarekani. Kwa hiyo anayekwambia "chukua watu wa mtaani tu" amesikia nusu ya habari. Mgeni anaweza kubeba nafasi, mradi lafudhi ifanyiwe kazi miezi kabla ya kamera kuwashwa.

Anza na karatasi. Kwa kila mhusika anayesema, andika mtaa aliokulia, lugha anazotumia akiwa amekasirika, anavyosafiri na anavyopata pesa. Usiandike "mrembo" wala "mwenye sura ya kutisha". Ukiandika "kijana wa Obunga, miaka 24, anaendesha tuktuk ya mtu, huapa kwa Dholuo na huomba msamaha kwa Kiswahili", utajua wa kumtafuta. Kwa vipindi 6, wahusika 12 wanaosema wanatosha, 4 kati yao wakiwa wakuu. Wakizidi hapo utaanza kuwapa watu sentensi mojamoja, na hao ndio huharibu, maana hawapati muda wa kuzoea kamera.

Tangazo la usaili likitoka, usiombe picha. Omba ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa sekunde 60, na swali liwe moja kwa wote: "Nieleze unavyotoka Kondele hadi Dunga saa kumi na mbili jioni, umechelewa, na mfukoni una shilingi mia moja." Hakuna kuigiza hapo. Msikilize mtu bila kujua sura yake wala wafuasi wake wa TikTok. Anayeujua mji atataja pa kukata kona, atagombana na dereva wa kufikirika kuhusu nauli, atasema "omera" (ndugu yangu) pasipo kujilazimisha na atateleza kutoka Kiswahili kwenda Dholuo na kurudi ndani ya sentensi moja. Aliyejifunza Sheng ya Eastlands kwenye video atakupa maneno ya Nairobi kwa kasi ya Nairobi. Si mwigizaji mbaya. Mpe nafasi ya mtu aliyetoka Nairobi.

Kuna mtego hapa. Dholuo haina sauti ya "sh" kwa asili, ndiyo maana utasikia "samba" badala ya "shamba" kwa baadhi ya wazee, na kwa baadhi ya Waluhya "gari" huelekea "kari". Vichekesho vya televisheni vimeyachezea haya mpaka yamekuwa alama ya kuchekesha. Mwigizaji asiye nayo akiyavaa kwa nguvu, onyesho la mauaji linageuka kichekesho papo hapo. Kanuni ni fupi: lafudhi iwe ya kwake au isiwepo. Mwenye nayo naye usimwambie aiongeze.

Wanaovuka mtihani wa sauti, tuseme 40 kati ya 150, waombe video. Simu ilazwe upande, 1080p, picha 25 kwa sekunde. Kama programu ya kamera inaruhusu, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) iwekwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za mirija na balbu za bei nafuu huchezacheza kwenye video ya picha 30 kwa sekunde. Asimame akitazama dirisha, dirisha lisiwe mgongoni. Aseme mistari ile ile mara mbili: kwanza apendavyo, kisha kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Ya pili ndiyo utakayoiamini.

Sababu yake ni hii. Waigizaji wengi wazuri wa ukanda huu wamepikwa na vikundi vinavyozunguka shule kuigiza vitabu teule, pamoja na tamasha za drama. Wamezoea ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, paa la mabati, bila maikrofoni. Sauti zao ni kubwa, nyusi zinafanya kazi ya watu watatu, na kila sentensi hutolewa kwa mtu wa safu ya nyuma. Usiwaache, kwani wana nidhamu na wanakariri haraka kuliko yeyote. Wakalishe wawili wawili, magoti yakikaribiana, uso na uso sentimita 40, simu ikirekodi kutoka pembeni, na wasome onyesho zima kwa sauti ya kununua sukari dukani. Siku 3 za zoezi hilo, saa 1 kila siku, hutosha kwa wengi. Ambaye siku ya tatu bado anahutubia, mpe uhusika wa mhubiri au mwanasiasa.

Usaili wa ana kwa ana uwe wa dakika 20 kwa mtu, watu 15 kwa siku, usizidishe. Ukumbi wa Mama Grace Onyango, kwa mfano, unafahamika na kila boda, na mtu akifika bila kuhangaika huwa hajachoka. Wenzetu wa Nakuru wana Nakuru Players Theatre. Leta chakula, maana hapa tuna kipimo ambacho hakikosei: samaki.

Mpe ngege mzima wa kukaanga na ugali, mwambie ale huku akisema mistari yake. Aliyekulia hapa hukata tonge, hulizungusha kiganjani bila kuliangalia, hulibonyeza kwa dole gumba, huchambua mnofu kutoka juu kuelekea mkiani, na mwiba huutoa mdomoni kwa ncha ya ulimi akiendelea kuongea. Asiyezoea humdonoa samaki kwa vidole viwili kama mtu anayeokota sindano, na macho yake hayabanduki kwenye sahani. Kachero wako mkuu akila hivyo mbele ya watu wa Dunga, umempoteza. Siku ya kushuti kwenyewe piga hesabu mapema. Pembe 3 za kamera, kila pembe ikirudiwa mara 4, ni teki 12. Samaki mmoja huvumilia teki 3 kabla mifupa haijaonekana mno, kwa hiyo kila mwigizaji ahitaji 4. Wawili wakila, nunua 8 na mmoja wa akiba. Ugali usongwe upya kila saa, kwani ukipoa hujikaza juu na kamera huona. Ndoo ya kutemea iwe chini ya meza, ama kufika teki ya saba mwigizaji hawezi tena kusema.

Kwa wasio waigizaji, yaani makondakta, wavuvi, kina mama wa samaki, usiwape skripti. Waeleze hali: huyu anakudai, wewe umeshamlipa, yeye anakana. Wape sentensi moja tu ambayo lazima isemwe, hiyo ambayo hadithi inaitegemea. Teki 3, basi, kwa sababu ya nne huwa wanajiiga. Walipe siku hiyo hiyo kwa M-Pesa na wasaini ukurasa mmoja wa ridhaa ulioandikwa kwa lugha wanayoisoma. Mtu aliyewahi kuwa kwenye genge usimwombe aigize kosa lake mwenyewe, na wala usimpe jina la mtu wa kweli aliyemjua. Mtoto haigizi bila ridhaa ya maandishi ya mzazi, na ratiba yake ifuate likizo ya shule.

Angalia pia majina kwenye orodha yako. Genge lote likiwa la kabila moja na polisi wote wa jingine, tamthilia itajadiliwa kwa sababu nyingine kabisa. Na si kweli kwa mji huu: Kisumu ina Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi wenye maduka ya vizazi vitatu, Wanubi wa Kibos. Ukihamishia hadithi Nakuru, mchanganyiko wa Kaptembwo au Bondeni ni mpana zaidi.

Mavazi ni sehemu ya uhusika, na jambo moja huwaponyoka wengi: sare ya buluu ya polisi ilizinduliwa 2018. Hadithi ya 2015 yenye konstebo wa buluu ile itachanwa na watazamaji ndani ya dakika tano. Sare yenyewe, pamoja na bunduki za bandia, usizitoe nje kabla OCS wa eneo (mkuu wa kituo cha polisi) hajapata barua na kujibu. Nakala ikae kwa kila msimamizi, chifu naye aambiwe. Bunduki ya plastiki mikononi mwa kijana anayekimbia Nyalenda si mchezo kwa askari wa doria asiyejua kuna kamera. Leseni ya kushuti chini ya Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iwe mkononi kabla ya hayo yote.

Sasa muziki. Swali la kwanza kwa kila wimbo: redio ni ya nani? Kama huwezi kumtaja mtu aliyeuwasha na kifaa kinachoutoa, utoe. Mvuvi anayeandaa nyavu saa kumi na moja alfajiri ana redio ndogo ya betri, benga ya zamani, sauti nyembamba isiyo na besi. Tuktuk ina spika mbili zilizopasuka nyuma ya kiti. Baa ya Kondele ina ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, na rhumba. Matatu ya kwenda Mamboleo ina chochote kondakta alichokipata jana. Na disko matanga, usiku wa msiba wenye jenereta na spika za kupanga juu kwa juu, ni zawadi kwa mwandishi wa uhalifu: umati, giza, pombe, pesa taslimu, na kelele za kutosha kuficha risasi.

Wengi huharibu hapa kwa kuuacha muziki ucheze watu wakizungumza. Ukishafanya hivyo huwezi kukata. Kila mkato utaruka pigo, na hutaweza kubadilisha wimbo ukinyimwa ruhusa. Fanya hivi: piga wimbo sekunde 10 wachezaji waushike mwendo, zima, kisha waigizaji waseme huku umati ukicheza kimya, na waigizaji wakuu wapaze sauti kana kwamba muziki upo. Wakisahau kupaza, onyesho halitarekebishika baadaye, kwani mtu hanong'oni mbele ya spika za matanga. Kama umati unapoteza mwendo, tengeneza pigo la chini la karibu 40 Hz na ulitoe kwenye sabufa (spika ya besi) peke yake. Watalihisi miguuni, nawe utalikata baadaye kwa kuondoa kila kilicho chini ya 80 Hz kwenye mazungumzo. Viatu viondolewe au vifungwe vitambaa kwenye sakafu ya saruji.

Wimbo wenyewe urekodi siku nyingine, mahali pale pale, kupitia spika ile ile: maikrofoni moja mita 2 mbele, nyingine mita 6 au nje ya ukuta. Hakuna kichujio cha kompyuta kinachoiga mabati yanayotetemeka. Chukua pia dakika 1 ya ukimya wa kila mahali. Kazi hii ifanye asubuhi. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri, na chini ya mabati matone ya kwanza tu yanafuta mazungumzo yote.

Ala za hapa zina tabia zake. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji hugonga mbao kwa pete ya kidole gumba cha mguu. Mlio ule husikika kama mtu anayebisha mlango, hivyo ukiuweka chini ya mazungumzo hupigana na konsonanti. Uweke kwenye mapengo: mtu akitembea, mtu akingoja. Haikazwi kwa kipimo cha kinanda, kwa hiyo rekodi nyatiti kwanza, pamoja na kila uzi peke yake sekunde 10, kisha kinanda kikazwe kuifuata. Studio nyingi hufanya kinyume na kuishia na nyatiti iliyonyooshwa kwa kompyuta, isiyo na uhai. Ngoma za ohangla za asili huwambwa kwa ngozi ya kenge, na unyevu wa ziwa usiku huzilegeza. Panga moto au jiko la makaa pembeni, zipashwe kila mapumziko. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014. Ina nafasi zake katika maisha ya watu wake, na ukiiweka kwenye mbio za magari mtu wa Kakamega atazima televisheni. Kwa ngoma za jamii kuna sheria ya 2016 ya maarifa na semi za kijadi, kwa hiyo ridhaa itafutwe kwa wenyewe, si kwa mpigaji mmoja uliyempata sokoni.

Kuhusu haki, kosa linalogharimu zaidi ni kudhani kibali cha kupiga muziki hadharani kinakuruhusu kuubandika kwenye picha. Hakikuruhusu. Unahitaji ruhusa mbili za maandishi: ya utunzi na ya rekodi. Zinaisha muda tofauti pia. Nchini Kenya utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi, rekodi miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. D.O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki 2006, maana yake tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056, hata kama santuri fulani ya 1970 imeshapita muda wake. Ndiyo sababu kuagiza wimbo mpya huwa rahisi kuliko kutafuta wa zamani. Karatasi ya mgao wa haki za wimbo isainiwe siku ya kurekodi, ikitaja mtunzi, mwimbaji, wapigaji na asilimia zinazofika 100. Pokea faili za WAV, 48 kHz, biti 24, sauti, ngoma na nyuzi kila moja peke yake. Kilichopitia WhatsApp ni cha kusikiliza tu.

Katika kuchanganya, muziki uwe chini ya mazungumzo kwa dB 15 hadi 20. Toleo la televisheni hulengwa -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), la mtandaoni karibu -14. Jaribu kwenye spika ya simu ya bei ya chini. Neno lisiposikika hapo, halitasikika kwa nusu ya watazamaji wako. Maonyesho ya watu wazima hayaruhusiwi hewani kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, na hilo hujumuisha maneno ya nyimbo. Watafsirie wahariri kila mstari wa Dholuo kabla ya kuufunga.

Na hapo kuna pakruok. Ohangla na benga hujaa sifa za majina: mwimbaji humtaja fulani, kwao, mkewe, gari lake, kwa kuwa fulani ametoa pesa. Ukichukua rekodi iliyopo na kuiweka chini ya onyesho la mbunge mla rushwa, jina la mtu wa kweli linaweza kusikika sekunde ile ile anapopokea bahasha. Omba mwimbaji arekodi upya bila majina, au kwa majina ya wahusika wako.

La pili ni bora, kwa sababu mhusika anayelipa ili atajwe ni onyesho kamili. Tajiri wa genge anarusha noti, mwimbaji anataja lakabu ambayo kachero kwenye meza ya kona ameisaka vipindi vitatu. Usimwandikie mwimbaji maneno. Mpe mambo matatu kuhusu mhusika, alikozaliwa, anachojivunia, jina la mama yake, naye atapanga mwenyewe kwa namna ambayo hakuna mwandishi wa skripti angeiweza. Mshuti yeye kwanza, muziki ukicheza kweli, maikrofoni yake ikiingia moja kwa moja kwenye kirekodi na nyingine ikining'inia juu ya umati. Kisha zima vyombo na ushuti meza ya kachero kimya kimya. Kwenye kuhariri, ngoma zishuke kwa sekunde moja lakabu inapotajwa, zisizidi hapo. Maandishi ya chini ya picha yabebe lakabu tu, kwa kuwa pakruok haitafsiriki neno kwa neno na mistari miwili haitoshi.

Tumia noti halisi, 60 za shilingi 50, jumla 3,000. Kama hadithi ni ya kabla ya 2019, hizi za sasa hazikuwepo, basi mkono ufunike noti au kamera ikae mbali. Mtu mmoja azihesabu kabla na baada ya kila teki, na mara ya mwisho azihesabu kabla umati haujaachiliwa mlangoni.